Ng'ombe wa mdogo wangu na masista wa Rupertsberg

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko (bado, hehehe). Nilikuwa likizo nyumbani Ibadakuli, na niliyoyakuta huko nisingeweza kuyaandika nikiwa kule kule. Kwanza bando, pili nalala chumba kimoja na wadogo zangu wawili wa kiume wenye macho makali sana kwenye simu ya mtu. Leo nimesharudi kampasi, mwenzangu wa chumbani kaenda kuangalia mpira, niko peke yangu. Kaeni mkao wa kula maana ni ndefu.

Nianze na kichekesho kwanza. Mnakumbuka muhula uliopita nililalamika hapa kuhusu kozi ya Ulaya ya Zama za Kati? Siku ya kugawana mada za semina nilichelewa kwa sababu ya foleni ya chakula. Nafika, wajanja wameshachukua Vita vya Msalaba, wengine ile tauni, wengine Wamongoli. Kwenye karatasi imebaki mstari mmoja tu: historia ya abasia moja ya masista Wabenedikto. Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo kuna jamaa wananiita "Sista". Nikaenda maktaba shingo upande. Sikujua kwamba miezi mitatu baadaye ningeisimulia habari ile kando ya zizi la ng'ombe.

Abasia niliyoichagua ni Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen, Ujerumani, pale mto Nahe unapoingia mto Rhine. Aliyeianzisha anaitwa Hildegard. Alizaliwa mwaka 1098 katika familia ya wakubwa, akatolewa kwa Mungu angali mtoto, na mwaka 1112, akiwa na miaka kama 14, akafungiwa pamoja na binti aliyemzidi umri kidogo, Jutta wa Sponheim, katika vyumba vilivyokuwa kando ya monasteri ya wanaume ya Disibodenberg. Nikisema kufungiwa namaanisha kufungiwa kweli, yaani ilifanyika ibada inayofanana na mazishi, mtu anaiaga dunia mzima mzima. Mabinti wengine wakaja wakaongezeka. Jutta alipofariki mwaka 1136, wenzake wakamchagua Hildegard awe mkuu wao.

Sasa hapa ndipo mada yangu ya mkosi ilipoanza kunikolea. Ulaya ya wakati ule ilikuwa kinyume na kwetu Usukumani: binti akiolewa, mali inatoka kwa baba yake inakwenda na binti. Na akiingia utawani ni vivyo hivyo, anakwenda na shamba, au mizabibu, au kodi ya kijiji fulani. Kwa hiyo masista walipoongezeka pale Disibodenberg, na hasa Hildegard alipoanza kuandika maono yake mwaka 1141 na jina lake kuvuma, mashamba nayo yakaongezeka. Na mwenye kushika mashamba hayo alikuwa Abate Kuno, mkuu wa wale wamonaki wanaume.

Ndipo Hildegard akasema ameonyeshwa na Mungu ahame na masista wake, wakajenge kwao wenyewe Rupertsberg. Kuno akakataa. Unaweza kumlaumu? Watu wanaondoka na mali zao, na sifa inaondoka nao. Hildegard akaanguka kitandani, mwili mzito kama jiwe. Inasimuliwa kwamba abate mwenyewe alikwenda kujaribu kumwinua akashindwa kabisa, akaogopa, akaruhusu. Mwaka 1150 hivi akaondoka na masista wapatao 20. Na huko hawakukuta raha, walitoka kwenye majengo ya maana wakaenda kuanza upya mlimani, na baadhi wakanung'unika wakaondoka. Kugombea mali kuliendelea mpaka mwaka 1158, askofu mkuu wa Mainz alipowapa hati ya mali zao. Na katika kumalizana, Hildegard anaeleza kwamba waliwaachia wale wanaume sehemu kubwa ya mashamba yaliyoletwa na mabinti, na pesa nyingi juu yake, ili wasipate la kulalamika.

Nilipata B+, asanteni. Nikafunga daftari nikajua yamekwisha.

Haya, twende Ibadakuli. Kwa wasiopajua, ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, ule upande wenye uwanja wa ndege na kile kituo kikubwa cha kupozea umeme, pale inapofikia laini ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Ukisimama kwetu jioni unaona nguzo za chuma zimejipanga mpaka macho yanachoka, na chini yake ng'ombe wanarudi na vumbi lao. Nilifika saa kumi, nikamsalimia mayu, nikawekewa matobolwa na karanga. Mzee alikuwa zizini. Mdogo wangu anayenifuata, wa kike, ana miaka 20, alinipokea begi akaondoka haraka bila maneno mengi. Nikajua kuna kitu.

Usiku baba akaniita nje. Mzee wangu haongei sana, akikuita nje ujue ameshalifikiria jambo wiki nzima. Akasema, "Mwanangu, kuna kijana wa Maganzo amekuja kwa mdogo wako. Ng'ombe 18." Nikasema vizuri. Akasema, "Mdogo wako anasema anataka kwenda kwa masista. Songea. Wewe umesoma, kaongee naye."

Mdogo wangu alisoma sekondari Songea, kwa shangazi ambaye mume wake ni askari magereza aliyehamishiwa huko. Ndiko alikowajua masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Mimi nilidhani ni mambo ya ujana yatapita, kumbe tangu amerudi ana barua yao ameificha kwenye kitabu cha nyimbo.

Naomba niwe mkweli hapa, maana hiki kijiwe nilikianzisha kwa ajili hiyo. Mkopo wangu haufuniki ada yote. Mwaka jana baba alijazia kwa dengu. Mwaka huu mvua mnajua wenyewe, na deni langu lilikuwa laki tisa na ushee. Ng'ombe wawili mnadani wakiwa na hali nzuri, basi ada imekwisha na nauli inabaki. Baba hakunitajia hilo. Hakuwa na haja. Tulikaa pale gizani, kila mtu anapiga hesabu ile ile kimya kimya, na mimi nikasema, "Sawa baba, nitaongea naye."

Kesho yake jioni tukatoka kutembea, mimi na yeye, tukafuata njia inayopita karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa nimejiandaa. Nina maneno ya kutosha, mimi ni mtu wa midahalo. Nikaanza na kijana wa Maganzo, kwamba si mbaya (na kweli si mbaya, ana ghala la dengu na hanywi). Nikaja kwenye umri, kwamba asubiri kidogo. Yeye anatembea tu anasikiliza. Tulipofika kwenye kichuguu kikubwa akasimama akaniuliza, "Kaka, ada yako imebaki kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha bei dukani.

Wadau, midahalo yote iliniishia pale. Nikabaki nakwangua kichuguu kwa kiatu. Ili kuvunja ukimya nikamwambia kwamba muhula uliopita niliandika kuhusu masista Wabenedikto, tena wa karne ya 12. Akacheka, "Wewe?" Basi nikamsimulia, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, kuanzia kufungiwa mpaka Kuno kushindwa kuinua mgonjwa. Alipenda sana hapo. Nikamwongezea ya mwaka 1178, Hildegard akiwa na miaka 80 hivi, alipomzika kwenye makaburi ya masista mtu mmoja aliyewahi kutengwa na Kanisa. Wakubwa wa Mainz wakaamuru mwili ufukuliwe. Akakataa, akisema marehemu alikuwa amekwisha patanishwa. Wakawazuia masista kuimba na kuadhimisha Misa, na kwa yule mama muziki ulikuwa kama hewa, alitunga nyimbo nyingi ambazo mpaka leo zinaimbwa. Akavumilia, akaandika barua, hakufukua. Adhabu ikaondolewa mwaka 1179, na Septemba ya mwaka huo huo akafariki. Roma ilikuja kumtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Si haba kwa bibi mkaidi.

Nilitegemea aniulize kuhusu maono au nyimbo. Akaniuliza hivi: "Na wale walioachwa kule kwa Kuno, walikula nini?"

Nikamwambia kuhusu mashamba yaliyoachwa na zile pesa. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Mimi sina shamba la kumwachia baba."

Niwaambie kidogo kuhusu hawa masista anaowataka, maana wengi wetu tunajua habari zao nusu nusu. Wabenedikto wanawake waliingia nchi hii zamani. Shirika la kimisionari lililoanzishwa na padre Andreas Amrhein huko Ujerumani mwaka 1884 lilitanguliza kundi la kwanza, wanaume kwa wanawake, wakafungua misheni ya Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ikavamiwa, na mmoja wa waliouawa alikuwa Sista Martha Wansing. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pande za Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Mtu unaweza kubishana walikuja kutafuta nini katika nchi ya watu chini ya bendera ya Wajerumani, na mimi darasani huwa nabishana. Ila walirudi tena, wakakaa. Na mwaka 1938, chini ya Askofu Gallus Steiger wa Peramiho, likaanzishwa shirika la mabinti wa hapa hapa, hao wa Mtakatifu Agnes. Chipole ni kwao.

Wanaishi kwa kanuni ile ile iliyoandikwa na Benedikto Italia katika karne ya 6, sala na kazi, ile ile aliyoifuata Hildegard. Lakini binti wa Chipole haendi na shamba la mizabibu. Anakwenda na begi na barua ya paroko, anakuwa aspiranti, postulanti, novisi, nadhiri za muda, halafu baada ya miaka mingi nadhiri za daima. Na kazi zao si za kitoto. Mwaka 2015 walianza kuzalisha umeme Tulila, kwenye mto Ruvuma, megawati 5, mtambo ni mali ya masista na umeme wanauza TANESCO. Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 nilikuwa mdogo sikufuatilia, lakini mdogo wangu anaijua hiyo habari kama watu wanavyojua matokeo ya Simba na Yanga. Alinionyesha zile nguzo za Ibadakuli akasema, "Kaka, nani ajue, labda hata taa yetu imo ya kwao kidogo."

Usiku wa pili nikarudi kwa baba. Alikuwa anafunga lango la zizi. Akauliza, "Umeongea naye?" Nikasema nimeongea, na sikumshawishi, na ng'ombe wa ada yangu wasihesabiwe kwake. Nilidhani atafoka. Akaegemea mti wa zizi akasema taratibu, "Na wewe utaoa kwa nini? Na hawa wadogo zako wawili? Ng'ombe wa dada ndio wanaomtafutia kaka mke, mama yako nilimwoa hivyo. Unasema kirahisi kwa sababu leo umekula." Jamani, hayo si maneno ya mtu katili. Baba hauzi mtoto. Ana zizi dogo, watoto wanne na mvua isiyoeleweka, na katika hesabu yake binti anapoondoka bila ng'ombe, kuna kijana mmoja nyuma yake anayebaki bila mke.

Kwa kuwa sikuwa na jibu, nikamsimulia na yeye habari za Rupertsberg. Sijui nilifikiria nini. Alisikiliza kama anavyosikiliza kesi barazani. Nilipofika pale ambapo Tenxwind, mkuu wa masista wa Andernach, alimwandikia Hildegard kumlaumu kwa kupokea mabinti wa wakubwa peke yao wakati Yesu alichagua wavuvi, na Hildegard akajibu kwa mfano wa mifugo, kwamba hakuna mfugaji anayeswaga ng'ombe, punda, kondoo na mbuzi wote katika zizi moja, baba akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike. "Huyo mama alifuga!" akasema. (Mimi lile jibu silipendi kabisa, niliandika hivyo kwenye semina. Mtoto wa mkulima asingepokelewa Rupertsberg, mdogo wangu wangemrudisha getini. Lakini sikutaka kumharibia mzee kicheko.)

Halafu akauliza, "Huyo Kuno, aliwaachia kweli?"

"Aliwaachia."

"Na yule mama akaacha mashamba?"

"Mengi. Na pesa."

Akatikisa kichwa. "Basi alijua mwenzake anaumia." Akaingia ndani kulala.

Sasa kuna kitu sikuwaambia, si baba wala mdogo wangu, na ndicho kimenifanya niandike leo. Pale Rupertsberg kulikuwa na sista kijana aitwaye Richardis, wa ukoo wa Stade, ambaye Hildegard alimpenda kama binti yake, tena ndiye aliyemsaidia kazi ya kitabu chake cha maono. Mwaka 1151 Richardis akachaguliwa kuwa abesi wa monasteri nyingine, mbali, Bassum. Na Hildegard, yule yule aliyegeuka jiwe kitandani ili aruhusiwe kuondoka, akakataa kumwachia. Akaandika barua kwa mama wa binti, kwa kaka yake aliyekuwa askofu mkuu, mpaka kwa Papa. Hakuna aliyemsikiliza, Richardis akaenda, na mwaka uliofuata, 1152, akafariki huko huko. Kaka yake aliandika kwamba mwishoni alikuwa akitamani kurudi.

Kwa nini sikusema? Kwa mdogo wangu niliogopa kumtisha. Kwa baba niliogopa angesema, umeona? Nilichagua upande wa hadithi unaonisaidia mimi kuonekana kaka mwema, na mhadhiri wetu angenikata maksi kwa hilo. Kwenye basi la kurudi, pale kabla ya Nzega, ndipo nilipoona kwamba mzee angemwelewa Hildegard wa Richardis kuliko mtu yeyote kwenye darasa letu. Siyo mashamba. Mashamba aliyatoa. Ni mtoto ndiye aliyemshinda kumtoa. Na mimi nilikuwa nimekaa na baba gizani siku mbili nikidhani tunaongea habari za ng'ombe.

Rupertsberg yenyewe haipo tena. Wasweden waliichoma mwaka 1632 katika vita vya miaka 30, na karne ya 19 hata mabaki yakalipuliwa kupisha reli (watu wa Shinyanga tunaelewa habari za kupisha reli). Upande wa pili wa mto, Eibingen, ambako Hildegard alifungua nyumba ya pili mwaka 1165, masista wa leo wana abasia iliyojengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, na bado wanalima zabibu.

Juzi mayu alinipigia. Kijana wa Maganzo ameambiwa asubiri mpaka baada ya mavuno. Kuhusu masista baba hajasema ndiyo wala hapana, ila Jumapili iliyopita alimsindikiza mdogo wangu parokiani, akabaki nje anaongea na watu wa dengu mpaka alipotoka. Mdogo wangu naye alichukua simu akanong'ona, "Kaka, ile habari ya mgonjwa aliyeshindikana kuinuliwa, baba ameisimulia kwa majirani." Nikamwambia kuna nyingine sijamsimulia, nitampigia akiwa peke yake. Bado sijampigia.

Jana ikaingia laki nne na nusu kwenye simu yangu, kutoka namba ya baba. Nikampigia kuuliza imetoka wapi. Amemuuza maksai mmoja, yule mweusi. Waliotoka vijijini mnajua, maksai wanalima wawili wawili.

Nilimuuliza msimu huu atalima na nini. Akasema ataazima, nisome.

Nusu ya deni iliyobaki sijui, kesho naenda ofisi ya uhasibu kuomba niruhusiwe kufanya mtihani kwa ahadi. Niwaache kwanza, mwenzangu amerudi na kelele, inaonekana timu yake imefungwa.